Kiwembe na Mistari Isiyosomeka

Kila siku alipotoka shule, Kiwembe alivua sare, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akaingia chumba cha nyuma ambamo mama yake alitengenezea sabuni. Chumba kilikuwa na dirisha moja na rafu nne. Kwenye rafu hizo sabuni zilikaa kwa wiki kadhaa zikikauka, zimepangwa kama matofali ya nyumba inayosubiri fundi. Zilizokauka zilifungwa kwa karatasi ya buluu iliyokoza. Juu ya karatasi hiyo ilibandikwa lebo nyeupe yenye mistari myeusi, minene kwa myembamba, na tarakimu chini yake. Mistari hiyo ndiyo msimbo. Mashine ya dukani, ile wanayoiita skana, huimulika kwa mwanga mwekundu, ikalia pii, na kompyuta ikajua hapo hapo kwamba hii ni sabuni ya mama Kiwembe na si ya mtu mwingine.

Kazi ya Kiwembe ilikuwa kukata lebo. Zamani mama alizikata mwenyewe, lakini mwezi mmoja uliopita dawa kali ya sabuni ilimrukia mkono wa kulia ikamuunguza, na tangu hapo vidole vyake havikuweza kushika mkasi. Kiwembe, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, akarithi mkasi. Alikata vizuri kuliko mama. Mama aliacha weupe mpana kila upande wa mistari, lebo zikaonekana kama mashati yaliyompwaya mvaaji. Kiwembe alikata karibu kabisa na mstari wa kwanza na karibu kabisa na wa mwisho, lebo ikatoka ndogo na nadhifu.

Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni huo mkono wake unaokata bila kupinda. Ya pili watu hawakuitaja mbele yake: akikosewa, hasahau. Kuna mvulana aliyemwagia wino daftari lake walipokuwa darasa la pili. Alilipwa walipofika darasa la tano, na wakati huo alikuwa ameshalisahau hata kosa lenyewe.

Siku moja ya Jumatano, Kiwembe na mama yake walipakia maboksi manne ya sabuni kwenye mkokoteni, wakayasukuma hadi mlango wa nyuma wa duka kubwa. Hapo ndipo bidhaa zilipopokelewa. Mpokeaji alikuwa mwanamume mrefu mwenye miwani, na waleta bidhaa walimwita Bwana Rudisha, kwa kuwa neno hilo halikumkauka mdomoni. Yai lenye ufa, rudisha. Ufagio uliolegea, rudisha. Hakuwa akigomba wala kutabasamu.

Zamu yao ilipofika, Bwana Rudisha alitoa sabuni moja kwenye boksi la juu, akaimulika. Kimya. Akaifuta lebo kwa kiganja, akamulika tena. Kimya. Akachukua nyingine kutoka katikati, na nyingine kutoka boksi la chini. Mwanga mwekundu ulicheza juu ya mistari, lakini mashine haikulia. Muuza mayai aliyekuwa nyuma yao akasema labda sabuni imeona haya mbele ya watu, na foleni nzima ikacheka.

Bwana Rudisha alimweleza mama kwamba hiyo ni mara ya pili. Wiki iliyopita alimrudishia boksi moja, leo anarudisha manne. Alimpa hadi Jumatatu. Msimbo ukikataa mara ya tatu, sabuni yake itaondolewa kwenye rafu, na nafasi itapewa mwingine. Kisha akaandika kitu kwenye karatasi, akaichomeka kwenye boksi la juu.

"Asante, baba," mama alisema.

Neno hilo lilimchoma Kiwembe kuliko kicheko cha watu. Mama yake, mkono umefungwa bendeji, ameaibishwa mbele ya wauza mayai na wauza fagio, halafu ndiye anayeshukuru. Njiani mama alivuta mkokoteni mbele, Kiwembe akasukuma nyuma. Aliiona ile karatasi ikipepea kwenye boksi. Aliichomoa, akaichana vipande vidogo bila kuisoma hata neno moja, akavitupa mtaroni. Mbele ya macho yake ilikuwa karatasi ya matusi tu.

Kufika nyumbani, alikuwa ameshatoa hukumu. Mtu yule anafanya makusudi. Mbona sabuni hiyo hiyo ilipita miezi miwili iliyopita? Mbona sabuni za kiwandani zinalia pii bila kubembelezwa? Jioni alipoosha vyombo, alimwadhibu Bwana Rudisha kwa namna kumi na mbili. Alimfungia kwenye chumba cha barafu. Alimtelezesha kwa maji ya sabuni mbele ya wauza mayai wote. Alimfanya apige magoti mbele ya mama. Kila sahani aliyoisugua ilikuwa uso wa Bwana Rudisha, na sahani siku hiyo zilitakata kweli kweli.

Adhabu ya kumi na tatu ndiyo iliyomfanya aache kusugua. Kila bidhaa iliyoingia dukani ilipitia mkononi mwa mtu yule, na ni yeye aliyeweka sahihi. Ikiwa bidhaa alizozikubali zitaanza kukataa kusomwa, nani ataulizwa? Nani atasimamishwa mbele ya watu, mashine ikae kimya, watu wacheke? Kiwembe alifuta mikono kwenye sketi. Alitaka mtu yule aonje kile kile alichomwonjesha mama.

Kesho yake, baada ya masomo, alipita kwa Mama Pacha. Huyu ndiye aliyewachapia lebo. Alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, chenye kompyuta, printa mbili, na maboksi mawili ya karatasi ambamo watoto wake pacha walilala, kila mmoja na boksi lake. Kiwembe alimwamkia, akaketi kwenye kigoda, na kwa sauti ya mwanafunzi mwenye bidii akamuuliza ni kitu gani kinachoweza kuua msimbo.

Mama Pacha alifurahi kuulizwa. Watu wengi, alisema, wanadhani mashine inasoma mistari myeusi peke yake, kumbe inasoma nyeusi na nyeupe pamoja, na kila nafasi nyeupe ina upana wake. Alichukua lebo, akachora kwa kalamu mstari mmoja mwembamba kwenye nafasi nyeupe kati ya mistari miwili, akaimulika kwa skana yake kuukuu. Kimya. Mstari mmoja tu wa kalamu, na mashine imepotea njia.

"Na kuna sababu nyingine," Mama Pacha aliendelea, "tena hiyo ndiyo inayowasumbua watu wengi zaidi..."

Pacha mmoja akaanza kulia, na kabla hajanyamazishwa, wa pili akaitikia. Mama Pacha alimwomba asubiri kidogo. Lakini Kiwembe alikuwa ameshapata alichokifuata. Aliaga, akatoka mbio mbio, na sababu hiyo nyingine ikabaki bila msikilizaji.

Ijumaa aliingia duka kubwa kwa mlango wa mbele, na sare yake, na kalamu nyeusi ndani ya mkono wa sweta. Alikwenda kwenye rafu ya majani ya chai, akachukua pakiti kama mtu anayesoma bei, akaigeuza, akachora mstari mmoja kwenye nafasi nyeupe. Akairudisha. Akachukua ya pili. Alihamia kwenye biskuti, kisha kwenye dawa ya meno. Kila mstari aliupa sababu yake. Huu ni wa kicheko cha muuza mayai. Huu ni wa bendeji ya mama. Huu ni wa ile asante. Alipofika bidhaa ya ishirini na moja, kalamu ikaanza kukwaruza, akaacha.

Hakwenda nyumbani. Alisimama karibu na mifuko ya mchele, mahali ambapo aliweza kuona kaunta zote tatu, akangoja utamu.

Haukuchelewa. Kwenye kaunta ya tatu mwanamke mmoja aliweka pakiti ya chai. Mwanga mwekundu ulimulika, mashine ikakaa kimya. Ikamulikwa tena, na tena. Kiwembe alihisi joto zuri likimpanda kifuani. Kisha mhudumu wa kaunta aliinua uso kutafuta msaada, na Kiwembe akamtambua.

Alikuwa Dada Jirani. Msichana huyu aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao, na tangu Kiwembe akiwa mdogo ndiye aliyemsuka nywele. Kwa kawaida alifanya kazi asubuhi. Siku hiyo alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Bado alikuwa kwenye majaribio, na alibakiza wiki mbili aajiriwe moja kwa moja.

Dada Jirani alijaribu kuingiza tarakimu kwa mkono. Alikosea, akafuta, akaanza upya. Foleni ilirefuka. Pakiti ya biskuti ikakataa, kisha boksi la dawa ya meno. Mwanamume mmoja aliacha kikapu chake sakafuni, akaondoka akilalamika kwa sauti kwamba siku hizi wanaweka watoto kwenye kazi za watu wazima. Msimamizi wa duka, mwanamke mwenye funguo nyingi kiunoni, alikuja, akazitazama zile pakiti kwa karibu, akaona alama za kalamu. Kisha akatazama kalamu nyeusi iliyochomekwa kwenye mfuko wa koti la kazi la Dada Jirani.

Kiwembe aliona yote. Angeweza kwenda mbele na kusema neno moja. Badala yake alipita nyuma ya mifuko ya mchele, akatoka nje. Njia nzima alijiambia kwamba kosa ni la Bwana Rudisha. Kama asingemwaibisha mama, haya yote yasingetokea. Alilirudia jambo hilo mara nyingi, kama mtu anayejifundisha jedwali la kuzidisha.

Jumamosi asubuhi mama alichukua sabuni tatu, akamwambia Kiwembe waende kwa Mama Pacha wakaijue kasoro kabla ya Jumatatu. Mama Pacha alimulika sabuni ya kwanza kwa skana yake kuukuu. Kimya. Akachukua karatasi ya lebo ambazo bado hazijakatwa, akamulika mojawapo. Pii. Akaziweka pamoja mezani, ile iliyokatwa na ile isiyokatwa, akainama.

"Nani alikata hizi?"

"Huyu hapa," mama alisema kwa fahari kidogo. "Mkono wake umenyooka kuliko wangu."

Mama Pacha hakucheka wala hakulaumu. Alieleza kwamba kila msimbo unahitaji ukingo mweupe upande wa kulia na wa kushoto. Weupe huo ndio unaoiambia mashine mistari inaanzia wapi na inaishia wapi. Ukiukata wote, halafu ukabandika lebo juu ya karatasi ya buluu iliyokoza, mashine inaona weusi umegusana na weusi, haijui pa kuanzia. Ni kama kuingia kwenye mazungumzo katikati, ukashindwa kujua nani anasema nini. Akamgeukia Kiwembe, akasema kwamba hiyo ndiyo sababu nyingine aliyotaka kumweleza juzi, lakini akageuka akamkosa.

Kiwembe aliutazama mkono wake. Kumbe mkono ulioirudisha sabuni ya mama mara mbili ulikuwa huu huu wake, huu unaosifiwa. Mama alisema kosa ni lake yeye, maana alimkabidhi mtoto mkasi bila kumkabidhi maelezo. Maneno hayo ya upole yalimuumiza zaidi. Siku hiyo walikata lebo upya, wakaacha weupe upana wa kidole kila upande, na kila lebo ilionekana kama shati la kupwaya, na kila moja ilisomeka.

Alasiri Dada Jirani alikuja kumsuka, kama ilivyokuwa kila baada ya wiki mbili. Alikaa kwenye kiti kifupi uani, Kiwembe akakaa chini kwenye mkeka kati ya magoti yake. Mama alikuwa ndani akipanga sabuni. Dada Jirani alisuka hadi kichwa kikafika nusu, kisha akaanza kusema. Alieleza foleni ilivyokuwa, alivyoitwa ofisini, na alivyoambiwa akae nyumbani mpaka jambo lichunguzwe. Wanadhani alichora yeye, ili apate kisingizio cha kufanya kazi polepole. Alisema kuna mtu amefanya hivyo kwa mkono wake, na mtu huyo sasa anakula, analala, anacheka.

Vidole vyake vilikaza nywele, na Kiwembe akauma midomo.

"Nikimjua, mdogo wangu, sitampiga. Kumpiga ni kumhurumia. Nitamngoja. Siku atakapokipata kitu anachokitaka sana, nitakuwa nimesimama pale mlangoni, na nitahakikisha hakimfikii. Nitataka watu wote wawe wanaangalia."

Sauti ilikuwa ya Dada Jirani, lakini maneno Kiwembe aliyajua. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, yale ya kwenye sahani, ya kumwaibisha mtu mbele ya watu wote. Alipoyasema yeye yalikuwa matamu kama asali. Sasa yalipokuja kutoka juu ya kichwa chake, mikono ya msemaji ikiwa imeshika nywele zake, yalikuwa machungu. Alifikiria kunyamaza. Nani angejua? Kisha alifikiria atakavyokaa hapa tena baada ya wiki mbili, na wiki mbili nyingine, akisukwa na mikono hii hii.

"Ni mimi, dada," alisema.

Vidole vilisimama. Kitana kilibaki kimechomekwa nyweleni.

"Wewe nini?"

"Niliyechora. Zote ishirini na moja."

Dada Jirani aliuliza polepole alimkosea nini. Kiwembe akajibu, bila kugeuka, kwamba hakumkosea chochote, aliyemlenga ni Bwana Rudisha.

"Bwana Rudisha yuko kazini," Dada Jirani alisema. "Mimi ndiye niko hapa."

Alichomoa kitana, akasimama, akaondoka bila kuaga. Mama alitoka ndani akamkuta binti yake kwenye mkeka, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Kiwembe alimweleza yote tangu mwanzo, hata habari ya karatasi aliyoichana. Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye kile kiti kifupi kilichoachwa wazi, akasema kwamba Jumatatu watakwenda dukani pamoja, na atakayesema si yeye.

Kwa ule mkono wake, mama asingeweza kuzimalizia nywele. Jumatatu Kiwembe alifunga kitambaa. Baada ya masomo walisukuma mkokoteni hadi mlango wa nyuma, na kwa ombi la mama, msimamizi aliwaita Dada Jirani na Bwana Rudisha. Ofisi ilikuwa ndogo, feni ikizunguka kwa kulalamika, na watu watano walisimama karibu kugusana mabega. Kiwembe alisema alichofanya, mahali alipofanya, na kwa nini. Mama alimtazama lakini hakumsaidia neno hata moja.

Msimamizi alisema kwamba Dada Jirani atarudi kazini kesho yake, na siku zake za majaribio hazitaongezwa hata moja. Kiwembe hataruhusiwa kuingia dukani mpaka mwisho wa muhula, na barua itakwenda shuleni kwake. Kisha akamgeukia Bwana Rudisha. Mzigo wa sabuni uko mlangoni, alisema, na aliyekusudiwa kuaibishwa ni wewe. Uamuzi wa kuupokea au kuukataa ni wako.

Kiwembe aliutazama uso wa yule mtu mrefu. Kama yeye ndiye angekuwa na nafasi hiyo, alijua angefanya nini. Angekataa, tena angekataa taratibu, akifurahia kila neno. Mama alishika bendeji yake kwa mkono wa pili, akangoja.

"Sabuni haijanikosea," Bwana Rudisha alisema.

Walitoka hadi mlangoni. Alichukua sabuni ya boksi la juu, akamulika. Pii. Ya katikati, pii. Ya chini, pii. Alipitisha kidole kwenye ule weupe wa pembeni, akaitikia kwa kichwa akiridhika, akamwambia mama kwamba anafurahi kuona ushauri wake umefuatwa. Mama aliuliza ushauri gani. Bwana Rudisha akafungua kitabu chake cha kupokelea, akawaonyesha nakala ya karatasi ya Jumatano. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, kama mtu anayemwandikia asiyeona vizuri: LEBO IMEKATWA MNO. ACHA NAFASI NYEUPE KILA UPANDE. Alieleza kwamba hakutaka kumsahihisha mbele ya foleni, watu wakiwa wanamcheka, ndiyo maana aliandika.

Mama alimtazama binti yake. Kiwembe aliisoma karatasi ile mara mbili, kisha akasema, kwa sauti iliyosikika kwa shida, kwamba ya kwao aliichana kabla ya kuisoma.

"Basi una kazi," Bwana Rudisha alisema, akampa skana ya mkono. Msimamizi aliruhusu alasiri hiyo moja tu. Bidhaa kumi na tatu zilikuwa zimeshapatikana. Zilizobaki nane alitakiwa kuzitafuta yeye, pakiti kwa pakiti, mpaka ya mwisho. Alianza na chai. Alimulika kila pakiti kwenye rafu, na kila mara mashine ilipokaa kimya alisimama, kwa maana kimya hicho alikitengeneza yeye. Bwana Rudisha alitembea nyuma yake bila kumwonyesha. Ila mara moja, skana ilipokataa pakiti ambayo Kiwembe hakuikumbuka na akaitupia kwenye kikapu, Bwana Rudisha aliitoa, akamwambia aitazame kwanza. Haikuwa na alama ya kalamu. Karatasi yake ilikuwa imekunjamana tu. Kiwembe aliinyoosha kwa vidole, akamulika tena, ikalia. Miguu ilikuwa inamwuma alipoipata ya nane, nyuma kabisa ya rafu ya dawa ya meno.

Dada Jirani alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, pembeni ya mkokoteni. Kiwembe alimwomba msamaha. Dada Jirani alijibu akiutazama mkokoteni.

"Bado nina hasira na wewe, sitakudanganya. Nikikusuka leo nitakuumiza. Ila yale niliyoyasema Jumamosi, ya kukungoja mlangoni, nimeyaacha. Nimeona yanavyokwenda."

Akaondoka kuelekea kwao, na Kiwembe hakuthubutu kumfuata.

Mama na binti walishika njia. Kiwembe aliuliza kama mama naye amekasirika. Mama alisema ndiyo, amekasirika, lakini hasira ni kama ile dawa ya sabuni: ikipimwa inafanya kazi, ikimwagika inaunguza aliye karibu, si aliye na kosa. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, alisema, na wewe umeuonja kwenye ngozi yako mwenyewe Jumamosi.

Walipofika kwenye kona, mama alisimamisha mkokoteni, akamgeukia.

"Una macho makali, mwanangu, na mkono mzuri. Lakini uliyaelekeza macho hayo kwa mtu kabla ya kuyaelekeza kwenye lebo. Kitu kikiharibika, tafuta kasoro kwanza. Ukianza kwa kumtafuta mtu, mtu utampata, hakosekani. Na kasoro itabaki pale pale, inaendelea kukuharibia."

Kiwembe aliinama, akashika mkokoteni, akausukuma.